Plasta kwenye Karatasi ya Kocha

Tangu Agosti, sehemu ya chini kwenye karatasi ya mbinu ya kocha wa futiboli ya Kimarekani pana kipande cha plasta nyeupe, ile ya kufungia vifundo vya miguu ya wachezaji. Kimefunika mbinu tatu za kurusha mpira mbali. Mrushaji wake, Lathan, ana miaka kumi na sita, na kocha haamini kwamba mkono ule utafikisha mpira mbali bila kuwazawadia wapinzani. Hamwambii. Hutafuna mbegu za alizeti, hutema maganda kulia, kisha huagiza kwa sauti ya kukwaruza: "Ubebeni mpira, mkimbie nao!" Timu nzima inaijua plasta ile. "Imeshaota mizizi," hutaniana vijana wa mstari wa mbele.

Ijumaa hii wako nyuma kwa pointi nne, zimebaki sekunde tisa, na mstari wa ushindi uko yadi arobaini mbele. Huko hakufikiki kwa kukimbia. Kocha ameomba mapumziko. Kidole gumba chake kinakwangua ukingo wa plasta, kinaacha, kinarudi.

"Ibandue tu, Kocha," anasema Lathan, matope hadi kwenye meno. "Haitauma."

Kocha anaivuta kwa mkupuo mmoja. Wino wote wa chini yake unatoka nayo. Anaikodolea macho karatasi tupu, kisha anamkodolea kijana.

"Zilikuwa tatu," anasema.

"Ya pili ndiyo inayofaa. Naifanya na mdogo wangu uani kila jioni, tangu siku uliyoifunika."

Kocha anatema maganda, safari hii kushoto.

"Basi nenda kairushe," anasema, na plasta bado imemng'ang'ania kidoleni.