Shimo Lililoachwa Wazi Matogoro

Zabibu alilima ulezi Matogoro na mumewe Salum, wakati Wajerumani walipokuwa wakipanua boma lao la Songea. Udongo wa matofali ulichimbwa kando ya njia ya mtoni. Sefu, msimamizi wa uchimbaji, alipopata udongo wa kutosha aliondoka na watu wake, akaliacha shimo wazi. Mvua zikalijaza maji, majani yakafunika ukingo. Salum akirudi na mzigo wa kuni begani alitumbukia. Walimtoa hai, lakini miguu yake haikumbeba tena.

Zabibu alikwenda kushtaki kwa akida, aliyeamua kesi kwa niaba ya boma. Sefu akaitwa.

"Alimsukuma mumeo?" akida aliuliza.

"Hakumsukuma."

"Wana ugomvi?"

"Hawana."

"Basi ni amri ya Mungu, mama."

"Mungu hakuchimba lile shimo," Zabibu alisema. "Mwindaji akichimba rima la kunasia nguruwe, huweka matawi njiani mtu asije akaingia. Hana ugomvi na mtu, ila anajua watu wanapita. Huyu naye alijua. Alituona kila siku na mitungi yetu."

"Niliamriwa kuchimba," Sefu alisema. "Sikuamriwa kufukia."

"Na macho uliamriwa kuyafumba?"

Askari alimtoa mama huyo nje kwa kumsukuma. Zabibu akachukua jembe, akaenda kulifukia shimo mwenyewe. Wanawake waliokuja kuteka maji wakatua mitungi, wakamsaidia.

Vikaja vita vya Maji Maji. Askari wa boma walichoma mashamba na maghala, watu wakakimbilia mbali kutafuta chakula. Zabibu alimbeba Salum mgongoni mpaka nguvu zikamwishia. Wakajificha kichakani, wakila mizizi, na huko Salum akafa.

Majirani waliorudi walimpa pole. Njaa imeua wengi, walisema.

"Wenye miguu mlifika kwenye chakula," aliwajibu. "Wangu ameuawa na Sefu."

Miaka baadaye Sefu, mvi zimemjaa, alimsimamisha njiani.

"Mama, yale yamepita. Sikukusudia."

"Najua hukukusudia. Hata kutufikiria hukutufikiria, na hilo ndilo siwezi kulimeza."

Akampita. Sefu aliendelea kumsalimu kila walipokutana, na Zabibu hakumwitikia hata mara moja mpaka yeye mwenyewe alipofariki.