Kalamu Nyekundu Kwenye Dayari

Mwalimu wa binti yangu alinisahihisha kwa kalamu nyekundu. Si binti yangu aliyesahihishwa. Mimi.

Katika shule yake hapa mtaani kwetu Mountain View kila mtoto ana dayari. Mwalimu anaandika kazi ya nyumbani, mzazi anaisimamia, kisha anaandika kama imefanywa na kutia saini. Kila kitu kwa Kiingereza, hiyo ni sheria ya shule. Dayari ikirudi bila saini, mtoto anasimama mbele ya wenzake mpaka mapumziko. Basi asubuhi moja, huku nimeshika kikombe cha chai na kiatu kimoja, niliandika chini ya zoezi la vitenzi: "She has finished the work yesterday." Jioni dayari ikarudi. Ile "has" imekatwa kwa wino mwekundu, na pembeni maneno mawili: "Wrong tense!" Hakuna salamu, hakuna mzazi mpendwa, ila hiyo alama ya mshangao kama kidole machoni.

Kosa nililiona papo hapo. Hilo ndilo lililoniuma. Mimi hesabu ilinizika kidato cha nne, lakini nyakati za vitenzi vya Kiingereza ndizo kitu nilichotoka nacho shuleni kwa mikono miwili. Go, went, gone. Hata leo niamshe usingizini nitakujibu.

Na ni mimi niliyemfundisha binti yangu, kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha tunayogombana kwayo nyumbani. Shuleni alikuwa amekaririshwa majina marefu ya nyakati hizo bila kujua zinafanya kazi gani. Nikamwambia, sikiliza. Nilikula, I ate: sahani imeoshwa, mambo yamekwisha. Nimekula, I have eaten: bado umeshiba, mtu asikuletee chapati nyingine.

"Na kama nimekula na bado nasikia njaa?" akaniuliza.

"Basi wewe ni mlafi, hakuna Kiingereza chake."

Alicheka hadi akaangusha penseli. Alikuwa akipata nne kwa kumi, akaanza kupata nane. Hiyo nusu saa mezani, kati ya kuosha vyombo na kulala, ndiyo iliyokuwa yangu. Siku nzima nalea mtoto wa mtu. Nusu saa hiyo nalea wangu. Baba yake msiniulize, huyo amebaki kwenye wakati uliopita.

Alipoona ile kalamu nyekundu hakucheka. Alinitazama tu. "Mum, kumbe hata wewe unakosanga?"

Wiki iliyofuata dayari ilianza kusahaulika. Leo imebaki darasani, kesho mwalimu anasahihisha, keshokutwa hakuna kazi. Nikaamini, mjinga mimi. Jumapili nikitafuta soksi nikaipata chini ya godoro. Kurasa zote za wiki hiyo zimetiwa saini. Saini yangu, na imeigwa vizuri, hata ule mkia wa mwisho.

"Hii ni nini?"

"Diary."

"Naona ni diary. Nani amesaini?"

Akaanza kulitandika godoro upya.

"Nauliza nani amesaini!"

"Si pia wewe unasainianga yule mtoto wa Kileleshwa?"

Mkono wangu ulikuwa umeshainuka. Ukashuka wenyewe.

Ni kweli. Nafanya kazi ya ndani kwenye fleti moja ya wenye pesa, Kileleshwa, ghorofa ya tatu. Kuna msichana aliye darasa sawa na la binti yangu, ila shule nyingine; basi la shule linamchukua getini kumpeleka Spring Valley. Mwezi wangu wa kwanza tu, madam aliniwekea dayari ya mtoto juu ya friji. "Auntie, si ulimaliza form four? Andikanga hapo homework imefanywa, uweke sign yangu. Mimi sina time." Nikafanyia saini yake mazoezi kwenye karatasi ya mkate mpaka ikakubali. Wakati wa likizo fupi ya shule yetu, ile ya Spring Valley ikiwa haijafunga, nilienda na binti yangu kazini kwa kukosa wa kumwachia. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni akaona kila kitu. Mtoto haoni tu unachomwambia aone.

"Na mwalimu wa huko," akaniuliza sasa, dayari ikiwa bado mkononi mwangu, "yeye pia anakuwekeanga red?"

"Hapana."

"Mbona?"

Jumatatu nikaenda kulitafuta jibu. Kwenye dayari ya yule msichana nikaandika sentensi ileile, neno kwa neno, na kosa lake, nikaweka saini ya madam. Jumanne ikarudi: "Thank you, Mummy! Lovely work." Na kinyota cha dhahabu kimebandikwa. Sisemi ni mwalimu mmoja, sisemi ni shule moja. Nasema mkono ni mmoja, wangu huu, na kosa ni moja. Nilisimama nikikitazama kile kinyota mpaka wali ukashika chini, na madam akauliza mbona unanuka.

Alhamisi nilimdanganya madam kwamba nina kliniki, nikaenda shuleni Mountain View saa za kutoka. Mwalimu ni msichana mdogo kuliko mimi, kucha safi, sauti ya kanisani. Nilimwambia mimi ni mama wa fulani.

"Oh! Wewe ndiye mama?" Akanitazama kuanzia viatu akipanda. "Pole sana. Mimi nilijua anayeandika kwa diary ni house help. Mtoto alisema mama yake anafanya kazi ofisi, anachelewa kutoka."

"Alisema hivyo lini?"

"Nilimuuliza ile siku ya sentensi. Nikamwambia aambie house help awe makini."

"Na angekuwa ni house help kweli, ndiyo unamwandikia hivyo? Bila hata habari yako?"

"Mama, usikasirike. Sisi tunataka mtoto apate English safi. Na hii maneno aliniambia, ya kumfundisha tenses kwa Kiswahili, tafadhali wacheni. Inamchanganya."

"Alikuwa anapata nne. Sasa ni nane. Nani alikuwa amemchanganya?"

Alicheka kidogo, kile kicheko cha kumsindikiza mtu mlangoni. Nikageuka. Binti yangu alikuwa amesimama palepale na begi mgongoni, amesikia yote, anaangalia viatu vyangu.

Tulitembea mpaka nyumbani, yeye hatua mbili mbele. Kwenye ngazi nikashindwa kujizuia.

"Ofisi gani?"

"Yoyote," akasema.

Sikumpiga. Watu watasema ni uvumilivu. Si uvumilivu, nilikuwa nimechoka, na neno lile moja lilikuwa limenimaliza.

Jioni hiyo nilichukua dayari nikaandika kwa Kiswahili, na sheria yao ikae huko. Kwamba mimi ndiye mama. Kwamba nafanya kazi kwenye nyumba ya watu na nilimaliza kidato cha nne. Kwamba vitenzi anavyovipata binti yangu nilimfundisha mimi. Kwamba mwalimu akiwa na kosa la kunionyesha atumie wino wa rangi yoyote, lakini aanze na salamu. Nikaweka majina yangu yote matatu, na saini. Nilijisikia vizuri kuliko nilivyojisikia mwaka mzima.

Kesho yake nikaifungua dayari kabla hata ya kuvua viatu. Ukurasa haukuwapo. Haukuraruliwa. Umekatwa kwa rula, taratibu, ukingo umenyooka.

"Mwalimu amesema nini?"

"Hakuuona."

"Ukurasa uko wapi?"

Alinisogezea daftari la Kiingereza na kalamu. "Mum, wewe saini tu. Usiandike kitu. Homework nimemaliza."

Niliangalia kazi yake. Sentensi kumi, nyakati zote zimechanganywa makusudi ili kumtega mtoto. Nilisoma moja moja, polepole, nikitafuta hata kosa moja la kunipa sababu ya kuvuta kiti na kuketi. Hakuna. Zote kumi ziko sawa. Nilikuwa nimemfundisha vizuri, na sasa hanihitaji hapo mezani. Au ananihitaji, ila si kama mtu wa kuonekana.

Nikasaini. Bila neno, bila tarehe. Akaichukua dayari, akapuliza wino ukauke, akaifungia kwenye begi na kuvuta zipu mpaka mwisho. Nikaingia bafuni nikaifua sare yake ya shule, nikaifua kama nampiga mtu.