Lengo Nililomfutisha Dada

Asubuhi hii nimeondoka kijijini Gendabi bila kujua naenda wapi, na kosa ni langu mwenyewe. Nimemwangusha dada yangu Paskalina kwa kujifanya najua kazi yake, mimi niliyeacha shule darasa la sita.

Dada anafundisha Kiswahili darasa la tano kwa kujitolea. Mwalimu mkuu alimwambia angekuja kuangalia kipindi chake cha ufahamu. Akiridhika, angempendekeza aajiriwe. Dada amelisubiri neno hilo muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa mji wowote.

Nilimkuta anaandaa somo. Habari ilihusu ng'ombe wa mfugaji walioingia kwenye mahindi ya jirani, na jirani akawarudisha bila kuwapiga. Kwenye lengo la somo aliandika: mwanafunzi aeleze kwa maneno yake kwa nini jirani alifanya hivyo.

"Unajitafutia matatizo," nikamwambia. "Wakishindwa je? Andika wajibu maswali yaliyo chini ya habari. Hayo watayapata."

"Wewe ualimu umesomea wapi?"

"Nimechungulia madirisha ya shule nyingi, dada."

Akacheka, akafuta. Ningenyamaza tangu mwanzo, leo ningekuwa nakunywa chai kwake.

Siku ya kipindi nilikaa nje, chini ya dirisha. Dada akauliza: ng'ombe walikuwa wa nani? Mikono yote juu. Waliingia wapi? Mikono yote juu. Nikaanza kujipongeza.

Ndipo mwalimu mkuu akauliza, "Kwa nini jirani hakuwapiga?"

Mikono yote chini. Watoto wa Gendabi jamani, nusu wanachunga ng'ombe, nusu wanawafukuza shambani! Mwishowe binti mmoja akasimama. "Mwalimu, hilo halimo kwenye maswali."

Mwalimu mkuu akamgeukia dada. "Wamejibu vizuri. Sijui kama wameelewa. Tujaribu tena muhula ujao."

Wakati wa mapumziko nikamfuata yule binti. Nikamuuliza, kwao ng'ombe wakiingia kwa jirani inakuwaje?

"Anawarudisha. Akishavuna anataka waje wale mabua, waache mbolea. Akiwapiga, nani atampelekea?"

Jibu lote alilijua! Lengo la dada lingefikiwa; hakuna aliyemwomba mtoto aseme. Nilipomweleza dada, hakunigombeza. Alinitazama tu, akasema, "Ungechungulia na dirisha langu kwanza." Afadhali angenigombeza.

Basi nikaondoka. Nimeshukia mjini Katesh, nikauliza chumba nyuma ya duka la mama mmoja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja tu."

"Kuja nakuona umekuja. Nakuuliza unataka nini?"

Nikamuuliza bei ya chumba. Akanipa ufunguo, akanihurumia kama mwanafunzi mzito.

Ninachotaka nimekipata nilipokaa kitandani: kurudi nikamwombe dada aliandike tena lile lengo lake, nami nisiseme kitu. Ndugu zangu, mkimkuta mwalimu anahangaika kuandika anachotaka mtoto aelewe, mpikieni chai, mnyamaze.