Kiitikio cha Kuazima

Mazoezi ya kikundi chetu cha ngoma yalifanyika Jumapili baada ya ibada, uani kwa mama mmoja anayeuza maharage pale Mlowo, na hakuna aliyeruhusiwa kufika mikono mitupu. Simaanishi zawadi. Namaanisha ungo. Kila mtu alikuja na ungo wake, akakaa kwenye mkeka au juu ya gunia, akamwagiwa maharage, na tukawa tunaimba huku tunachambua mawe na kutikisa takataka. Wageni walidhani ni ujanja wa yule mama wa kupata vibarua wa bure. Sitabisha sana, maana Jumatatu maharage yake yalikuwa safi kuliko ya wenzake wote sokoni. Lakini mwenyewe alikuwa na maelezo yake. Alisema mtu ambaye mikono yake haina kazi huimba huku akijisikiliza, na anayejisikiliza huburuza wimbo.

Kuburuza ndiyo ilikuwa dhambi kubwa uani pale. Nimewahi kumwona akisimamisha shughuli ya harusi, bibi harusi ameshika kisu juu ya keki, kwa sababu waalikwa walikuwa wanatuitikia polepole mno. Aliwafundisha, wakaimba vizuri, ndipo keki ikakatwa. Bwana harusi alishukuru, nadhani kwa woga.

Mimi nilikuwa mtunzi, sikuwa mwimbaji. Sauti yangu ina mikwaruzo tangu utotoni, na mara ya kwanza nilipoomba kuongoza wimbo, mama wa maharage aliniuliza kwa upole kama nimekunywa maji. Nikaelewa. Basi nikawa natunga. Siku za kazi nilikuwa napima mahindi kwenye ghala moja kando ya barabara kuu, na beti zangu nyingi zilikuja kati ya lori moja na jingine, nikiwa nimesimama kwenye mizani na vumbi puani.

Hata kutunga kwenyewe kulikuwa na sheria. Mtunzi alileta beti tu. Kiitikio hakukigusa. Alikaa, akaimba ubeti wake, akanyamaza, na wale wengine wakakitafuta kiitikio huku nyungo zinatikisika, mmoja akijaribu hiki, mwingine akikitupilia mbali. Ukithubutu kupendekeza, mama wa maharage alikutazama juu ya miwani. "Anayeuliza hajijibu," alisema, na ungo wake haukusimama.

Hivyo ndivyo ulivyopatikana wimbo wa mama yangu. Mama yangu yuko Iyula, ni mkulima wa kahawa, na katika utoto wetu wote hatukuwahi kumwona akiamka. Tulipofumbua macho moto ulikuwa umekwisha kuwaka na yeye ana matope miguuni. Nikatunga beti za kumuuliza. "Mama, alfajiri ile ulikuwa wapi?" Nikaimba kwa sauti yangu mbaya, nikanyamaza. Walihangaika sana siku hiyo. Kisha mama mmoja akaanza, "Nilikuwa hapa hapa," na mwenzake akamalizia, "ninyi mmelala." Mama wa maharage akayakamata maneno yale, akayapachika kwenye mtikisiko wa ungo wake, upesi, bila huzuni yoyote, kama mtu anayekujibu huku anafanya kazi. Uani pote wakaitikia. Mimi niliinamia maharage yangu kwa muda mrefu, nikasifiwa kwa kuchambua vizuri.

Tangu mama yangu alipousikia wimbo ule, yeye na yule mama walikuwa ndugu, ingawa walionana mara chache. Kilichowaunganisha ni bakuli la bati lenye maua mekundu. Mama wa maharage alilijaza maharage, mimi nikalipeleka Iyula nilipokwenda kusalimia. Mama yangu hakulirudisha mpaka ametafuta cha kutia ndani, maparachichi, mahindi mabichi, hata mayai yaliyofunikwa pumba. Chombo cha watu hakirudi kitupu, kila mtu kwetu anajua hilo. Kwa hiyo bakuli lile halikuwahi kupumzika, na sikumbuki tena lilikuwa la nani.

Sasa nieleze nilivyoanza kuimba peke yangu. Fundi wa studio moja ya Tunduma alikuja ghalani kununua mahindi ya nyumbani kwake, akanikuta naimba kwa mnong'ono huku napima. Akatoa simu, akanirekodi bila kuniomba ruhusa. Baada ya siku chache alinipigia. Alikuwa ameituma sauti ile kwa watu, mpaka ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kwa shemeji zake, na wote walikuwa wanauliza ni mzee gani yule. Nikamwambia mimi si mzee, ni mpima mahindi tu mwenye gitaa nyumbani. Akasema, "Usiwaambie. Huo mkwaruzo ndio wenyewe. Wewe njoo na gitaa lako tu, usije na ngoma."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nalijua hilo, na nilijichunga. Lakini nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi. Nilitaka jambo lile. Maisha yangu yote nilikuwa nimesikia nyimbo zangu zikitoka kwenye vinywa vya watu wengine, vizuri kuliko ambavyo ningeweza, na bado nilitaka walau mara moja kuzisikia zikitoka kwangu.

Nilipowaambia nimekubali, kikundi hakikunigombeza. Afadhali wangenigomba. Walinipongeza, wakanidai soda, na mpiga manyanga akanikumbusha kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, watu wakacheka. Mama wa maharage alicheka pia, halafu akarudi kwenye ungo wake mapema kuliko wengine. Nililiona hilo. Nilimpenda yule mama, nampenda mpaka leo, na kitu nilichokiogopa ni kimoja tu, kwamba nikishapanda jukwaa peke yangu, Jumapili uani pale nitakuwa mgeni.

Studio ilikuwa chumba kidogo nyuma ya duka la vipuri, kuta zimebandikwa magodoro. Nyimbo za kwanza zilikwenda vizuri. Tulipofika kwenye wimbo wa mama, niliimba ubeti, nikanyamaza.

Fundi akanionyesha kwa mkono niendelee. Nikaendelea, nikaimba ubeti wa pili, nikanyamaza tena. Akasimamisha mashine.

"Hapo vipi, kaka? Umesahau?"

"Hapo wanajibu."

"Nani wanajibu?"

Nikatazama yale magodoro. Wote walikuwa Mlowo.

Fundi hakuona tatizo. Aliniambia nijijibu mwenyewe, yeye ataipanga sauti yangu mara nyingi mpaka nionekane kundi. Tukafanya hivyo. Aliponisikilizisha nilicheka kwanza, maana palikuwa na mimi mmoja anauliza mama alikuwa wapi, na umati wa mimi unamjibu kwamba ulikuwa hapa hapa. Kisha kicheko kikaisha. Nilimwomba aufute. Akaniuliza kwa nini, sauti ziko safi kabisa. Sikuweza kumweleza, nikasema nitarudi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama wa maharage. Nilimkuta anashona mdomo wa gunia kwa sindano kubwa. Nikamsalimia, shikamoo, marahaba, habari za kazi, za nyumbani, na nilipoona zimekwisha nikasema lililonileta. Niliomba niuimbe wimbo wa mama kwenye uzinduzi wa nyimbo zangu, na niwachukue waitikiaji wawili watatu.

Alishona mpaka mwisho wa gunia.

"Beti ni zako, mwanangu. Nenda nazo, na Mungu akubariki. Kiitikio ni chetu. Kilizaliwa hapa kwenye hizi nyungo, na hakitoki uani hapa bila sisi sote."

"Mama, bila kiitikio ule si wimbo."

"Si ndivyo ninavyosema mimi?"

Nikamuuliza kama atakuja kwenye uzinduzi.

"Nitakuja kama mgeni. Nitakaa, nitakula, nitapiga makofi. Kuimba siimbi, umeshasema unaimba peke yako." Kisha akaingia ndani, akatoka na bakuli la maua limejaa maharage ya njano. "Hili mpelekee mama. Mwambie yanaiva upesi."

Nikaondoka na maharage, bila kiitikio. Niliudhika njia nzima, na nilichoudhika nacho zaidi ni kwamba alikuwa sahihi.

Uzinduzi ulifanyika Iyula, Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa chama cha wakulima wa kahawa. Mama yangu alikaa benchi la mbele kwa kitenge kipya, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Kabla sijaanza, kikundi kikashuka kwenye gari la Noah pale nje. Nilichungulia kwanza nguo. Hawakuvaa sare. Kila mtu alivaa nguo zake za kanisani, na walikaa benchi moja, mikono mapajani, wageni hasa.

Niliimba nyimbo zangu mpya na watu walinipokea vizuri. Sitajivuna, lakini palikuwa na mzee mmoja aliyefuta macho, na sikumfahamu. Wimbo wa mama niliuweka mwishoni. Nilikuwa nimeamua kwamba penye kiitikio nitapiga gitaa tu, watu waone ni madoido.

Ubeti wa kwanza nikauliza, gitaa likajibu. Ikapita. Lakini watu wa Iyula hawawezi kuacha mtu anauliza mama yake alikuwa wapi na asijibiwe. Wimbo wenyewe walikuwa wameusikia kwenye harusi zetu. Nilipouliza mara ya pili, ukumbi wote ukaitikia, "Nilikuwa hapa hapa, ninyi mmelala." Na kwa kuwa nusu yao ni wanakwaya, waliitikia kikwaya, sauti ya pili, ya tatu, besi kule nyuma, na wakauburuza. Waliuburuza kama wanaufuata makaburini.

Nilimtazama mama wa maharage. Alikuwa amekaza midomo. Ubeti wa tatu, wakaburuza zaidi, maana sasa walikuwa wameona wanapendeza. Yeye akatazama dari. Lakini mikono yake pale mapajani ilikuwa imeanza kwenda, vidole vimejikunja, inatikisa ungo usiokuwepo. Benchi zima waliiona mikono ile. Mpiga manyanga akaanza kutabasamu.

Ubeti wa nne sikuumaliza. Alisimama.

"Jamani, samahanini," aliuambia ukumbi. "Huu wimbo hauna msiba. Mama wa watu yuko hai, amekaa hapo mbele, na ana kazi zake. Mnamjibisha kama marehemu." Watu wakaangua kicheko, mama yangu akiwa wa kwanza. "Nawaonyesha mara moja tu, kisha nakaa." Akanigeukia. "Wewe uliza."

Nikauliza. Benchi zima likasimama na kunijibu, upesi, kikavu, kwa mwendo wa nyungo. Nikauliza tena, na ukumbi ukawa umeshika. Hakukaa, hata mimi sikutarajia angekaa. Ubeti wa mwisho nilimwimbia mama yangu nikimtazama, na katikati ya sauti zile nikaiona midomo yake inajibu pamoja nao, ninyi mmelala, huku anatikisa kichwa kwa kutuonea huruma sisi wavivu wake. Sauti yangu ilikatika hapo. Hakuna aliyejua, maana imezoea kukatika.

Baadaye, nje, watu wakila wali, nilimfuata mama wa maharage. Nilikuwa na furaha mpaka nikawa mchokozi.

"Mama, ulisema hakitoki uani."

"Kimetoka?" akauliza. "Nimekuazima tu. Ningefanyaje, niwaache wakiue?"

Mama yangu alikuwa anakuja na bakuli la maua kwa mikono miwili, maparachichi yamepangwa mpaka juu. Mama wa maharage alilipokea, akashukuru, akaminya parachichi moja kwa kidole kuona litaiva lini. Kisha akalitazama bakuli, akanitazama mimi.

"Na cha watu unajua kinavyorudishwa," akasema. "Jumapili, baada ya ibada."

Nilifika na ubeti mmoja mpya na ungo wangu. Nafasi yangu ilikuwa wazi, kati ya mpiga manyanga na ukuta, na hakuna aliyesema karibu, kama ambavyo hakuna aliyewahi kusema. Mama wa maharage alinimwagia maharage mengi kuliko siku zote. Akaniambia niache kujisikiliza, niulize.