Kivuli cha Ndege wa Njano

Saa kumi na dakika arobaini alasiri, kivuli cha ndege kilikuwa kitupu.

Mama Kivuli alikiona kabla hajakaa. Alikuwa anatoka jikoni na kikombe cha maji ya mtoto, macho yake yakapita kwenye rafu kama yanavyopita mara ishirini kwa siku. Kwenye ubao wa pili, kati ya lori la mbao na ngoma ya kopo, palikuwa na umbo la ndege lililochorwa kwa wino mweusi, mkia, mdomo na kila kitu. Ndege mwenyewe hayupo.

Rafu ile ilikuwa kazi ya mikono yake. Shule aliishia darasa la tano, na hakuna aliyemfundisha namna ya kupanga vichezeo vya watoto. Lakini siku moja alimpelekea fundi wa magari suruali aliyomtilia viraka, akakuta spana zimening'inia ukutani, kila moja juu ya umbo lake. "Ikikosekana hata moja, mama, ukuta unanisemea," fundi alimwambia. Alirudi nyumbani anatembea haraka, kama anaogopa wazo lisimdondoke njiani.

Akapigilia mbao tatu. Ubao wa chini, vitu vikubwa kuliko ngumi ya mtoto mdogo. Wa pili, vya kuchezewa mtu mzima akiwa karibu. Wa juu kabisa, vyenye vipande vidogo, ndani ya vifuko alivyoshona kwa mabaki ya vitambaa na kuvifunga fundo ambalo hata yeye hulifungua kwa meno. Kisha kila kichezeo akakichorea kivuli chake. Ikifika saa kumi na moja anaita, "Kila mmoja kivulini kwake!" na binti yake wa miaka sita, ambaye kwa wingi wa maneno waliishia kumwita Chiriku, anakimbia kurudisha, huku mama anahesabu vivuli.

Jina la Mama Kivuli alibandikwa na wifi yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa anakaa nao mwezi mmoja kabla ya kuanza kazi. Mtaa mzima ukalipokea.

"Wifi, ndege yuko wapi?"

Wifi alikuwa sakafuni anakunja nguo. "Ndege gani?"

"Wa njano. Anayeimba."

"Ah! Ndege si ana mabawa? Karuka." Akacheka mwenyewe. "Jamani, wifi, saa ya kurudisha bado. Waache nao wapumue."

Mama Kivuli hakucheka. Yule ndege alikuwa bubu siku mbili, na ni asubuhi ile tu alipopata sauti tena, baada ya kutiwa betri mpya: betri ya duara, bapa, inayong'aa kama kifungo cha koti. Skrubu ya kifuniko ilipotea zamani. Kilichokishikilia ni utepe wa gundi.

Akamtazama mtoto. Kitinda mimba wake, mwaka na nusu, waliyemwita Bonge, alikuwa amekaa karibu na cherehani, mkono mmoja ameshika kigoda. Kifua cha fulana kimelowa udenda hadi tumboni. Akampelekea kikombe mdomoni. Bonge, ambaye maji huyapokea kwa mikono miwili, akageuza uso, akakohoa kikohozi kikavu, kisha akalia sauti isiyotoka vizuri.

"Meno hayo," wifi akasema. "Magego. Mimi wa dada yangu alitoa udenda wiki nzima, tukabadilisha shuka kama hospitalini."

"Anakataa maji."

"Meno yanauma."

Labda ni meno. Mama Kivuli alitamani yawe meno. Mwezi uliopita, shanga moja ya Chiriku ilikosekana kwenye kifuko, akambeba Bonge mbiombio hospitali, wakakaa nusu siku, picha ya eksirei ikatoka safi. Shanga ilipatikana kwenye pindo la gauni lake mwenyewe. Tangu hapo akipita dukani mtu humwuliza kama shanga zake zote zimelala salama. Mumewe, dereva wa lori, mtu mpole, alimwambia neno moja tu: "Siku nyingine hakikisha kwanza."

Basi akahakikisha. Akavuta kapu la nguo, akakung'uta mito, akalala kifudifudi kutazama chini ya kabati. "Chiriku! Umemwona ndege?"

"Mimi sikumchukua. Mchana alikuwa anaimba, halafu akanyamaza. Labda kachoka. Mama, ndege wa plastiki anachoka?"

"Akanyamaza saa ngapi?"

"Nilikuwa nakula."

"Wifi, wewe ulifagia mchana. Hukumwona?"

Wifi alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. "Nilifagia tu. Sikuangalia kila kitu."

Mama Kivuli akaona jicho la mwenzake limekwepa. Huyu anajua jambo. Kamvunja ndege, kifuniko kimefunguka, betri imeviringika, na sasa ananyamaza kwa aibu. Angemshika mabega amtikise, lakini Bonge alikohoa tena, akaweka kidole kooni kana kwamba anaonyesha.

Nesi wa kliniki ya watoto aliwahi kusema, akina mama wamejipanga kwenye mabenchi: betri ya duara ikikwama kooni huunguza, na haingoji kesho. Usimpe kitu, usimtapishe, kimbia. Saa mbili nzima ni nyingi.

Akapiga simu. Upande wa pili injini ilikuwa inanguruma.

"Baba watoto, nahisi Bonge kameza betri."

"Umeona kwa macho?"

"Sijaona. Ndege hayupo."

"Mama Chiriku... isije ikawa shanga nyingine."

"Ikiwa shanga nyingine, nicheke na wewe jioni," akasema, akakata.

Akambeba mtoto mgongoni, akamfunga kwa kanga mbili badala ya moja. "Wewe baki," akamwambia wifi bila kumtazama. "Geuza nyumba hii. Nataka ndege huyo." Kwenye kona alimwita mwenye pikipiki, akamwambia aende upesi lakini asirukie mashimo, na yule kijana akamwuliza kama anataka apae.

Njia nzima alisikiliza pumzi za mtoto mgongoni. Kila alipoacha kuzisikia alimfinya paja, na Bonge akalia, na yeye akamshukuru Mungu kwa kilio kile. Katikati ya pumzi na pumzi alikuwa anamtungia wifi maneno. Mtu mzima kavunja kitu kaficha. Mimi nakaa natafuta chini ya kabati, mwanangu anaungua. Atafungasha leo hii.

Hospitalini mwandikishaji wa mapokezi alimkumbuka. "Shanga?" akauliza, kalamu mkononi.

"Betri."

Kalamu ikawekwa chini. Hawakuambiwa wapange foleni.

Picha ilipowekwa kwenye kioo chenye taa, daktari, mwanamke mwenye miwani iliyosukumwa kichwani, hakuhitaji kuieleza. Juu ya mbavu ndogo kama meno ya kitana palikuwa na duara jeupe, limetulia.

"Sarafu ingekuwa na ukingo mmoja," daktari akasema. "Hii ina ukingo ndani ya ukingo. Betri. Iko kwenye njia ya chakula. Tunaingiza mrija wenye kamera, tunaivuta." Akashusha miwani. "Mama, sikiliza. Ameimeza saa ngapi?"

"Sijui."

"Kadiria."

"Sijui, daktari. Ilitoka kwenye ndege, na ndege kafichwa na wifi yangu."

"Alikula mara ya mwisho lini?"

"Uji, saa saba. Maji aliyakataa saa kumi na dakika arobaini."

"Kati ya saa saba na saa kumi na dakika arobaini ni pengo refu. Kama imekaa huko dakika arobaini ni jambo moja, kama ni saa nne ni jingine. Nataka kujua nitakuta nini. Fikiri, wakati wanamwandaa."

Wakamchukua Bonge. Mama Kivuli akabaki ukumbini, kanga mbili tupu mkononi, na ndipo wifi yake alipotokea mlangoni anakimbia, ndala moja mguuni na nyingine kwapani, Chiriku anamfuata.

"Nimemleta!" wifi akasema, anahema. "Wifi, nisamehe. Nilikuwa nimemweka kwenye begi langu, chini ya nguo. Nilijilaza mchana, akawa anaimba, anaimba, nikasema nikimrudisha rafuni Chiriku atamchukua tena. Uliponiuliza nikaona haya. Mtu mzima kumficha mdoli!"

"Umeniulia mwanangu kwa sababu ya usingizi," Mama Kivuli akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Watu wawili kwenye benchi waligeuka.

Wifi alimgeuza ndege, akamwonyesha tumbo: utepe wa gundi uko pale pale, haujaguswa. Kisha akambonyeza kichwa.

Ndege akaimba. Aliimba wimbo wake wote, ule ule, kwa furaha ile ile, katikati ya ukumbi wa hospitali.

Mama Kivuli alimtazama mpaka akamaliza. Betri imo ndani. Basi kooni kwa mtoto kuna nini?

Ndipo kichwa chake kilipomrudisha asubuhi. Ni yeye aliyembandua ndege utepe, akatia betri mpya. Ile kuukuu ilikuwa kiganjani. Akaangalia pa kuiweka, akaona kisahani cha pini juu ya meza ya cherehani, akaitia humo: nitaitupa baadaye. Saa tisa na nusu alikuja mteja wa sketi, mwalimu mmoja, kupimiwa pindo. Akashusha kisahani kwenye kigoda, karibu na miguu ya mteja, apate kuchukua pini bila kuinuka. Walipomaliza, kabla ya kumsindikiza hadi langoni, alikumbuka pini, maana pini anaziogopa. Akazichoma zote kwenye mto wa pini, moja moja, akauweka mto juu ya kabati. Kisahani akakiacha pale pale. Alikiona hakina tena cha kumdhuru mtoto.

Na alipomkuta Bonge, mtoto alikuwa ameshika kigoda kile kile.

Angeweza kunyamaza. Hakuna mtu mwingine aliyejua habari za kisahani. Wifi alikuwa amesimama mbele yake na kosa lake tayari mkononi, kosa la njano, linaloimba, na ukumbi mzima umelisikia.

Akaenda kwenye mlango ulioandikwa hairuhusiwi kuingia, akagonga kwa kiganja.

"Daktari! Si ya ndege. Ni betri kuukuu, niliiacha mimi. Niliondoka chumbani saa kumi kasoro robo kumsindikiza mteja, nikarudi saa kumi. Ni hapo. Kabla ya hapo nilikuwa naye."

Daktari alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na moja na robo. "Saa moja na nusu, basi. Hata ile iliyochoka huunguza, lakini umetusaidia. Kaa."

Akakaa. Wifi akakaa kando yake, akiacha nafasi ya mtu mmoja, na Chiriku akaijaza.

Muda ulipita. Mlango ulifunguka mara tatu na mara zote tatu akatoka mtu asiyekuwa na habari yao.

"Ni mimi, wifi," Mama Kivuli akasema mwishowe, akitazama sakafu. "Nimekutukana njia nzima. Nilishakufungashia mpaka begi."

Wifi akafungua mdomo. Methali ya nyani na kundu lake ilikuwa imeshafika kwenye ncha ya ulimi, Mama Kivuli aliiona kabisa ikija. Lakini wifi aliirudisha, akavuta kanga moja, akamfunika nayo mabega.

"Ungelifungasha vibaya," akasema. "Huwa unakunja nguo kama unakunja mifuko ya saruji."

Daktari alitoka na kichupa cha plastiki. Ndani yake betri, upande mmoja unang'aa bado, upande wa pili mweusi kama mkaa. "Imetoka. Pana kidonda. Si kirefu, lakini ni kidonda. Mtakaa hapa siku chache, atalishwa kwa mrija, tutatazama tena kabla ya kumrudisha kwenye uji. Ungengoja hadi kesho, mama, tungekuwa tunazungumza mengine."

Mama Kivuli alishika kichupa. Wifi akakichukua, akakitia mfukoni.

Siku ya sita walirudi nyumbani. Mumewe alikuwa amefagia, na hakutaja shanga. Mama Kivuli hakuenda kwenye rafu. Alikwenda kwenye meza ya cherehani, akaondoa kila kilichokuwapo: mkasi, chaki, kisahani, kigurudumu cha kuchorea vitambaa. Kwenye ubao mpya ulio juu kuliko kichwa cha mtu mzima akachora kivuli cha kila kimoja. Mwisho akachora duara la kopo lenye kifuniko cha kuzungusha, la betri zilizokufa.

"Na mimi unanichora wapi?" wifi akauliza, amesimama nyuma yake.

"Lala hapo sakafuni nikuchore. Nikikukosa nijue umemficha nani."

Wifi akacheka. Chiriku akacheka. Bonge naye akacheka kwa kuwa wenzake wanacheka, na sauti yake ilitoka na mkwaruzo, kama mlango unaohitaji mafuta. Mama Kivuli akasimamisha kalamu, akausikiliza mkwaruzo ule mpaka ukaisha. Daktari alisema utapungua. Akaitazama saa: kumi na moja. Akaanza kuhesabu vivuli, na siku hiyo hakuanzia kwenye vichezeo, akaanzia kwenye mkasi.