Farasi Ana Macho

Kitabu nilikinunua kando ya barabara mtaani Marshalltown: picha za wachoraji wa Kimarekani wa zamani waliojisifu kwamba wanachora maisha kama yalivyo. Sikuwa na mwalimu mwingine. Nilizinakili zote, kwa hiyo najua walichokifanya.

Mke wa tajiri amepakwa rangi tabaka juu ya tabaka, nyembamba kama mvuke, mpaka alama ya brashi haionekani. Mfua nguo amebandikwa rangi nene kwa kisu cha kupakia rangi, haraka haraka, basi. Nyuma ya bwana mmoja kuna mtu mweusi ameshika farasi. Kila kifungo cha koti la bwana kina mwanga wake. Yule mtu hana hata macho. Niliyatafuta kwa kioo cha kukuzia. Farasi anayo.

Hasira ile haijaniisha. Nikaapa nitamchora mama, msusi wa nywele mtaani Hillbrow, kama mke wa tajiri. Alikaa na kitenge chake cha Pasaka na hereni. Aproni ya saluni aliikataa kabisa. Kila tabaka lilipokauka nilianza lingine. Nikiona kosa silali. Sikio la kushoto nililirudia mpaka mama akauliza kama linaumwa.

Nikaipeleka picha mtaa wa Troyeville, kwenye ukumbi walikokuwa wakichagua picha za maonyesho. Niliitaka mno nafasi ile. Mchaguzi aliinama kuitazama, akanyooka.

"Ni laini mno, dada. Si umesema ni msusi? Mkwaruze kidogo, tuone maisha magumu. Ukimrekebisha, Ijumaa tunamtundika."

Nilitabasamu! Nikasema asante! Nikaenda na picha moja kwa moja saluni kwa mama, nikaiegemeza ukutani, nikatoa kisu cha rangi. Nikakisogeza kwenye shavu lililochorwa. Mama alikuwa katikati ya kusuka kichwa cha mteja.

"Unataka kufanya nini na hiyo kisu?"

Nikamweleza.

"Eish! Anataka kuona shida yangu? Akuje asimame hapa toka asubuhi. Hiyo ni uso, mtoto yangu, haiko ukuta ya kukwaruza."

Mteja alicheka mpaka msuko ukamponyoka mama mkononi.

"Na weye, tulia," mama akamwambia.

Kisu nikakirudisha mfukoni. Ijumaa ilipita, ukumbini wakatundika wengine. Mama yuko juu ya kioo cha saluni, laini. Wateja wanamgusa shavu kwa vidole vyenye mafuta ya nywele, nami nawafokea. Na lile sikio bado halijakaa sawa.