Karamu Tuliyoikataa Timau

Wapendwa wa Nyeri, mlitutuma Timau tukawaeleze watu Ufalme wa Mungu ni kitu gani. Kanisa la huko lilikuwa changa na halikuwa na mhubiri, na mwaka ule uliofuata uchaguzi wa vyama vingi watu walikuwa wamechoka kusikia habari za serikali za dunia. Yaliyotupata nayaandika kwa aibu.

Asubuhi tuliondoka Nyeri mjini, watu watatu ndani ya pikapu. Baba Muriuki, mzee wetu wa kanisa, alikuwa akiendesha. Mama Nyokabi alikaa katikati, nami dirishani na Biblia magotini. Baada ya Kiganjo mlima ulijifunua wote, na mazungumzo yakageukia mbinguni. Mama Nyokabi alisema Ufalme ni mji wa dhahabu, na yeye anautaka kwa ajili ya miguu yake. "Huko hakuna matope," alisema. Baba Muriuki akasema jambo kubwa ni mlango. "Mlango ni nyembamba, mama. Si kila mtu ataingia." Mimi, niliyepangiwa kufundisha, nikasema Ufalme ni karamu, maana Yesu mwenyewe aliufananisha hivyo. Nilijiona mwerevu hadi Nanyuki.

Nanyuki tulikunywa chai huku malori ya wanajeshi yakipita, kisha tukapanda hadi Timau. Huko baridi inauma, na ngano imetanda mpaka macho yanachoka. Kanisa ni la mbao, limejengwa pembeni mwa shamba la Mama Kagendo. Mumewe, Mzee Mutwiri, alikuwa hajawahi kulikanyaga. Mama Kagendo alinishika mkono akaninong'oneza, "Dada, huyu mzee nimemuombea mpaka nimezeeka. Leo ongea ukimkumbuka."

Nilifundisha habari za yule mtu aliyeandaa karamu, na walioalikwa wakatoa visingizio, huyu shamba, yule ng'ombe, mwingine mke. Nikasema Ufalme si wa kungoja mpaka tufe. Meza imekwisha kutandikwa. Kumbe Mzee Mutwiri alikuwa amesimama nje, ameegemea dirisha. Tulipotoka akaniuliza, "Na mtu kama mimi, hajabatizwa, anaweza kukaa kwa hiyo meza?"

"Mwenye karamu ndiye anakuita, mzee," nikamjibu.

Akasogea karibu. "Basi nyinyi mtaanza kwa kukula kwangu. Mkikula, Jumapili mimi nakuja kwenu."

Mama Kagendo aligeuka upande, akafuta macho kwa leso.

Saa nane tulikuwa tumeketi uani kwake. Kondoo alikuwa amechomwa, viazi vinatoa mvuke, na sahani yangu ilikuwa na mbavu mbili zilizonijaza mate. Baba Muriuki aliombwa abariki chakula. Badala ya kufumba macho, akauliza, "Mzee, hii kondoo ilitoka wapi?"

"Ililetwa na mkwe wangu. Ni ya mahari ya binti yetu Kagendo. Tuliiweka ya siku kubwa."

Mnaijua sheria yetu sisi tuliookoka: mnyama wa mahari hatumli, kwa kuwa wazee wamemnenea maneno ya mila. Baba Muriuki alirudisha sahani mezani kwa adabu. "Tusamehe, mzee. Sisi watu wa wokovu hatukulangi kitu ya mahari. Tupatie tu chai." Mama Nyokabi naye akarudisha yake. Mama Kagendo akanitazama, mimi na si Baba Muriuki. Nikaiweka sahani yangu mezani. Hakuna aliyenilazimisha.

Laiti Mzee Mutwiri angetutukana. Alimwambia mkewe tu, "Nyama haiwezi lala. Ita wale watu wa ngano." Wakaja vibarua wa shamba la jirani na matope yao miguuni, na bibi mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni. Tukawapisha. Akawaketisha kwenye viti vyetu na kuwakatia nyama kwa mkono wake. Sisi tulikunywa chai kando, kwenye benchi, tukiwasikia wakicheka. Niliona haya, sikujua uso niuweke wapi, na ile chai ilinishinda.

Wakati wa kuaga nilijaribu. "Mzee, Jumapili..."

Akanipa mkono, bado una mafuta. "Mwalimu, umefundisha vizuri. Lakini naona hiyo meza iko na wenyewe."

Tukashika njia ya kurudi. Karibu na Kiganjo Baba Muriuki alianzisha wimbo, akakosa wa kumwitikia. Miaka yote nilidhani waliotoa visingizio ni walevi na wapagani. Timau nilijifunza kwamba hata wokovu unaweza kuwa kisingizio, na kwamba mtu aweza kuihubiri karamu asubuhi na kuikataa mchana.

Jumapili mlisomewa taarifa ya safari kwamba tulipokelewa vizuri, na ni kweli. Kisha, mnakumbuka, tuliinamisha vichwa kuwaombea walioalikwa Ufalmeni wakakataa. Baba Muriuki alimtaja Mzee Mutwiri, nanyi mkaitikia amina. Mimi, kwa sauti ndogo, nilimtaja Baba Muriuki, nikamtaja Mama Nyokabi, kisha nikajitaja.